Vidukari wa rangi tatu kwenye mpilipili mmoja, ni spishi tatu au macho yangu?

MbeguMoja

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, naomba wanaojua wadudu wanitoe gizani. Nina mpilipili hoho mmoja kwenye ndoo, mmoja tu, lakini nikigeuza majani yake nakuta vidukari wa rangi tatu. Wapo wa kijani kilichokolea karibu nyeusi, wapo wa njano wadogo mno kama chembe za unga wa mahindi, afu kule juu kwenye kichipukizi wapo wa kijani mpauko ambao baadhi yao wana rangi kama ya waridi hivi. Na katikati yao kuna vitu vyeupe vikavu vimekaa tu havitembei, sijui ni mayai au ni nzi weupe.

Nilipiga picha kwa simu nikaipa ile programu ya kutambua wadudu, picha ya kwanza ikanipa jina moja, picha ya pili ya mdudu yule yule nimegeuza simu kidogo tu ikanipa jina jingine, ya tatu ikaniambia ni kupe. Nikaachana nayo.

Nina daftari ambalo naandika kila mdudu ninayemkuta bustanini na sitaki kuandika "kidukari" basi yaishe. Kitu kingine, niliwapulizia maji ya sabuni mara moja na waliobaki wengi ni wale wa njano, ndo nikazidi kuamini kwamba hao ni spishi nyingine yenye roho ngumu. Nina lenzi ya mkononi ya mara 10 na kile kilenzi cha kubana kwenye kamera ya simu. Naanzia wapi?

Kobe_Mwendo

Mkuu piga sabuni tena mara mbili, hao wote ni vidukari. Jina la nini, kwani ukiwaita wataitika? 😂

LenziKuukuu

Kobe jina lina kazi yake bwana. Dunia ina spishi kama 5,000 za vidukari zilizokwisha kupewa majina, zinazoonekana kwenye mazao ni karibu 450, na zinazoleta hasara ya maana ni kama 100 tu. Kwa hiyo ukijua ni nani unajua pia anaeneza virusi gani, anahamia mmea gani akitoka hapo, na dawa gani haimwingii. Kidukari wa pamba kwa mfano, ile pirimikabi iliyotengenezwa maalum kwa ajili ya vidukari sehemu nyingi haimfanyi kitu, wakati jirani yake kwenye jani hilo hilo anakufa. Mtu asiyejua atasema dawa ni feki.

Sasa MbeguMoja, jambo la kwanza na hili uliandike kwa wino mwekundu kwenye hilo daftari: rangi ya kidukari usiiamini. Sisemi haina maana kabisa, nasema usianze nayo. Spishi moja inaweza kuwa na watoto wa njano na mama wa kijani cheusi, na nyingine ina kijani na waridi kwa pamoja. Kuna yule kidukari wa njegere, Acyrthosiphon pisum, yuko wa kijani na yuko mwekundu, na mwaka 2010 Nancy Moran na Tyler Jarvik walionyesha kwamba jeni za kutengeneza ile rangi nyekundu ukoo wake ulizipata zamani huko kutoka kwa kuvu, yaani jeni za ukungu ziko ndani ya mdudu. Na mwaka huo huo watafiti wengine wakaonyesha bakteria wanaoishi ndani ya kidukari huyo wanaweza kumgeuza mwekundu akawa kijani akiendelea kukua. Sasa wewe unataka kumpangia jina kwa rangi?

Ukiwa na lenzi, angalia nyuma kwanza. Kidukari ana vimirija viwili vimechomoza mgongoni karibu na mwisho wa tumbo, kitaalamu wanaita sifunkuli, mimi nitaviita mabomba. Katikati yake kwa nyuma kabisa kuna kitu kama ulimi mdogo, hicho ni kimkia. Mabomba na kimkia ndo kitambulisho cha taifa cha hawa viumbe. Vina rangi gani, virefu au vifupi, bomba limenyooka au limevimba katikati kama chupa, kimkia ni cheusi kama mabomba au kimepauka kuliko mabomba. Ukishamaliza nyuma nenda mbele, tazama kipaji cha uso katikati ya papasio mbili. Papasio zinaota juu ya vinundu, kwa wengine vinundu hivyo ni vikubwa na vinainamiana kwa ndani kama watu wawili wananong'onezana, kwa wengine karibu havipo na uso ni tambarare. Halafu linganisha urefu wa papasio na urefu wa mwili.

Na kitu ambacho watu karibu wote wanakosea: uwe umeshika mtu mzima. Kidukari anajivua ngozi mara nne kabla ya kukomaa na tunutu wake, yaani watoto ambao hawajakomaa, wanafanana na mama ila kimkia chao hakijakaa sawa, ni kama kona butu tu. Funguo zote za utambuzi, yaani ile miongozo ya kufuata hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye jina, zimeandikwa kwa majike waliokomaa. Ukiingia kwenye ufunguo na tunutu utatoka na jina la mdudu asiyewahi kukanyaga mpilipili. Mtu mzima utamjua kwa kimkia kilichokamilika, na mara nyingi ukimtazama kwa mwanga wa nyuma unaona watoto tumboni na macho yao yameshaiva, vidoti vidogo vimepangana. Mara nyingi hawatagi, wanazaa, na hawahitaji dume kufanya hivyo, ndo maana asubuhi wapo watano na wiki ijayo jani halionekani.

Vile vyeupe vikavu ni ngozi walizojivua. Vipulize kwa mdomo vitaruka. Nzi mweupe angeruka mwenyewe.

Nenda kaangalie hayo matatu, mabomba kimkia na uso, urudi hapa.

MajaniMatatu

Nami naomba nidandie uzi. Kwenye kunde zangu kuna weusi, kwenye maharage kuna weusi pia, huwa nawaita wote kidukari mweusi. Nimekuwa nikikosea?

BintiHadubini

Dada MajaniMatatu nikujibu mimi wakati mzee LenziKuukuu anapumzika. Ndiyo, kwa uwezekano mkubwa ni wawili tofauti. Wa kunde, Aphis craccivora, mtu mzima anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, mgongoni ana ngao nyeusi imara na miguu yake ni myeupe myeupe ila ncha nyeusi, ukimwona kwa lenzi utafikiri kavaa soksi. Watoto wake ndo wana vumbi la nta la kijivu, kwa hiyo kundi lake linaonekana la rangi mbili, wakubwa wanang'aa wadogo wamepauka. Wa maharage, Aphis fabae, yeye mweusi asiyeng'aa, mweusi wa mkaa, na mara nyingi ana mistari ya nta nyeupe mgongoni. Wote wawili mabomba na kimkia ni vyeusi kwa hiyo hapo usipoteze muda, tazama mng'ao kwanza. Ila usije ukaapa kwa mmea peke yake, maana hawa wanatembeleana, wa kunde anaweza kukaa kwenye maharage bila kuomba ruhusa.

Mmea unasaidia zaidi kwa wale wachaguzi. Ukiona kwenye kabichi kundi la kijivu limejipaka unga kama limetoka mashineni, futa unga kidogo kwa brashi, ukikuta mabomba mafupi kama mapipa na kimkia cha pembetatu fupi, huyo ni Brevicoryne brassicae, na yeye nje ya ukoo wa kabichi hana makazi. Kwenye migomba ukimkuta wa kahawia amejibana kwenye maungio ya majani, huyo ni wa jenasi Pentalonia, mwenye mbawa mishipa ya mbawa zake imepakwa weusi pembeni kama mtu kachora kwa kalamu ya wino. Huyo ndo mwenye kueneza ule ugonjwa wa kudumaza migomba.

MbeguMoja

Nimerudi wakuu. Dah, kumbe nilikuwa naangalia mdudu mbele nyuma. Nimekaa na lenzi karibu saa nzima shingo inauma.

Wale wa kijani cheusi: mabomba meusi tii, kimkia kimepauka kidogo kuliko mabomba, uso tambarare sioni vinundu vya maana. Papasio ni fupi kuliko mwili.

Wale wa kichipukizi, kijani mpauko na waridi: hao mabomba yamepauka kama mwili ila kwenye ncha kuna kaweusi kidogo, na bomba ni kama limevimba kidogo kuelekea mwisho. Usoni nimeona hivyo vinundu vinavyonong'onezana!! Nilicheka peke yangu. Papasio ndefu karibu sawa na mwili. Kijani na waridi wote wako hivyo hivyo.

Wale wa njano ndo wamenishinda. Ni wadogo mno, mabomba naona kama vidoti vya rangi ya moshi, kimkia sikioni vizuri. Nikawaza labda ni tunutu, ila mmoja nimemwona anazaa kabisa, mtoto anatoka kwa nyuma miguu ikichezacheza. Tunutu anazaaje?

LenziKuukuu

Hahaa, tunutu hazai. Umejijibu mwenyewe na hujajua.

Wa kichipukizi ni Myzus persicae, kidukari wa kijani wa pichi. Vinundu vinavyoinamiana, papasio ndefu, bomba lililovimba kidogo lenye ncha ya moshi, hapo sina wasiwasi. Huyu ni jambazi la kimataifa, anakula mimea ya familia zaidi ya 40 na anaeneza virusi zaidi ya 100. Baadhi ya virusi hivyo anavibeba kwenye ncha ya sindano ya mdomo tu, anaonja jani sekunde chache anahama anaonja lingine, kazi imeisha. Ukimpata mwenye mbawa utaona ana kiraka cheusi juu ya tumbo.

Wa kijani cheusi ni Aphis gossypii, kidukari wa pamba. Jina lisikuchanganye, pamba ni mmojawapo tu, matango, mabilingani, bamia, pilipili kote yumo. Mabomba meusi kimkia kilichopauka, uso tambarare. Ana ndugu anayefanana naye, Aphis spiraecola, ila huyo kimkia chake ni cheusi kama mabomba, na mwili ni wa kijani cha limau. Kama bado una wasiwasi hesabu nywele za kimkia kwa hadubini, wa pamba mara nyingi anazo kati ya 4 na 7, spiraecola huwa nazo zaidi, na yule wa maharage aliyetajwa na BintiHadubini zake zinapita 10.

Na wa njano? Sitakuambia bado. Fanya hivi. Chukua jani safi la mpilipili, lisilo na mdudu hata mmoja, likague kwa lenzi pande zote mbili. Mweke jike mmoja tu wa kijani cheusi. Kikonyo cha jani kifunge pamba yenye maji, weka kwenye chupa ya mdomo mpana, funika kitambaa chepesi. Ukimhamisha usimng'oe, kwanza mguse guse mgongoni kwa brashi ya kuchorea iliyoloweshwa mpaka achomoe mdomo na aanze kutembea, ndo umnyanyue, ukimvuta akiwa ananyonya unamkata sindano na amekufa. Waache wazaliane mpaka jani lijae, chupa iwe sehemu ya joto ila si juani. Urudi na majibu.

Mtego_wa_Njano

Niongeze kidogo upande wa wenye mbawa maana huku kwetu kwenye mitego ndo tunaokutana nao, wasio na mbawa hawaji. Mtego wenyewe ni beseni la njano lenye maji na tone la sabuni, vidukari wanaopita angani wanavutwa na njano wanatua wanazama. Wenye uwezo wana mitego ya kunyonya hewa, kule Uingereza kituo cha Rothamsted wanayo ya urefu wa mita 12.2 tangu 1964 na bado wanahesabu. Tatizo la mtegoni ni kwamba huna mmea wa kukusaidia, una mdudu tu kwenye maji.

Hapo ndo mishipa ya mbawa inakuokoa. Bawa la mbele lina mshipa mmoja wa katikati unaogawanyika, kwa wengi unagawanyika mara mbili, kwa wachache mara moja tu. Kidukari wa ngano anayeitwa Schizaphis graminum kwa kawaida unagawanyika mara moja. Kwenye michungwa vile vile, wapo wawili wa kahawia nyeusi wanafanana kama mapacha, Aphis citricidus na Aphis aurantii, huyu wa pili mshipa wake kwa kawaida umegawanyika mara moja na lile doa la ukingoni mwa bawa ni jeusi, yule wa kwanza mara mbili na doa limepauka. Kosa kati ya hao wawili si dogo, citricidus ndo msambazaji mkubwa wa ule ugonjwa wa virusi unaoua michungwa kuanzia pale mche ulipounganishwa na shina la chini. Ninachosema ni mara nyingi si kila mara, nimeshawahi kukuta mdudu bawa la kushoto limegawanyika mara moja na la kulia mara mbili, nikafunga chupa nikaenda kunywa chai.

Zamani kwenye kazi yetu wadudu tulikuwa tunawalaza sana kwenye spiriti. Kosa ambalo nililifanya mwaka wangu wa kwanza: niliandika lebo kwa kalamu ya wino nikaibandika ndani ya chupa. Asubuhi spiriti ya bluu, karatasi nyeupe, vidukari 200 wasio na jina wala tarehe. Andika kwa penseli.

Kasi_ya_Mwanga

Nawasoma nashangaa, nywele za mkia karne hii? Peleka mdudu maabara wasome kile kipande cha DNA cha jeni ya COI, herufi 658, linganisha na hifadhidata, jina linatoka. Mambo ya kuinamisha shingo saa nzima yamepitwa na wakati.

BintiHadubini

Kasi nakubaliana nawe nusu. DNA imetusaidia kweli, mfano ni yule wa migomba. Miaka mingi walimwita mmoja tu Pentalonia nigronervosa, hata yule anayekaa kwenye tangawizi na magimbi walimhesabu humo humo, mpaka 2010 ndo Foottit na wenzake wakaunganisha DNA na vipimo vya mwili wakaonyesha wa magimbi na tangawizi ni spishi yake, wakamrudishia jina la zamani Pentalonia caladii. Hapo DNA imegawa.

Ila upande mwingine yule Myzus wa tumbaku, mwaka 1987 mtaalamu wa vidukari Blackman alimtenga akampa jina lake Myzus nicotianae kwa vipimo vya mwili, baadaye DNA ikashindwa kuona mpaka wowote kati yake na persicae, leo wanamweka kama tawi la chini la spishi ile ile. Hapo DNA imerudisha nyumbani.

Sasa kwenye ile hifadhidata unayoisema majina yaliyoandikwa pale nani aliyaandika? Ni mtu mwenye lenzi. Kama alikosea yeye na wewe unakosea pamoja naye, tena kwa kujiamini. Na kuna aibu moja imewahi kunipata, nilipeleka kidukari mmoja, majibu yakarudi nyigu. Nikafikiri chupa zimechanganywa. Kumbe kidukari alikuwa na mtoto wa nyigu ndani yake anamla taratibu na mashine ikasoma DNA ya mgeni badala ya mwenyeji. Tangu siku hiyo nikiona kidukari amevimba na kupauka namwacha. Wakishafikia hatua ya kuwa maganda ya duara ni rahisi kuwajua, wa rangi ya mchanga ni kazi ya nyigu wa Aphidius, wale weusi ni wa Aphelinus.

Kama unapeleka DNA weka kwenye ethanoli ya asilimia 95 na uweke wenzake wa kundi hilo hilo kwenye chupa nyingine kwa ajili ya slaidi. Mdudu akisagwa harudi.

MajaniMatatu

Slaidi mnatengenezaje? Nimejaribu kumbandika kwenye kioo akawa kama tope la kijani.

LenziKuukuu

Lazima umtoe nyama za ndani dada, ukimbandika mzima utaona tope. Kwa kifupi: anatolewa kwenye ethanoli, anatobolewa tumbo chini kwa sindano nyembamba sana, anapashwa ndani ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwenye maji ya moto, si moto wa moja kwa moja, mpaka abaki ganda linaloona nuru. Unamsuuza kwa maji, unakandamiza taratibu watoto watoke tumboni (ndiyo, watatoka, usishtuke), halafu unamlaza kwenye kioo papasio zimenyooka na miguu imetanuka. Ile potasiamu inaunguza ngozi na macho kwa hiyo si kitu cha kuchezea meza ya chakula na watoto wapo. Wa kwanza kumi utawaharibu. Mimi niliwaharibu zaidi ya kumi, ila sitaki kusema wangapi.

Slaidi ikikaa vizuri unaanza kuona vitu ambavyo lenzi haikupi: urefu wa kiungo cha mwisho cha mdomo, idadi ya vitundu vya kunusia kwenye papasio, bomba kama lina magamba au lina nyavu nyavu karibu na ncha. Macrosiphum euphorbiae, yule mkubwa wa viazi, ndo ana hizo nyavu. Bila slaidi ungemchanganya na kundi zima la vidukari warefu wa kijani.

Na funguo za utambuzi za Blackman na mwenzake Eastop zimepangwa kwa mmea, unaanza na mmea unaoujua ndo unashuka kwa wadudu wanaoushambulia. Ndo maana kila siku nasema kidukari asiye na jina la mmea kwenye lebo ni nusu kidukari.

MbeguMoja

Wakuu nimerudi na chupa yangu. Imechukua muda kidogo maana jani la kwanza liliota ukungu, na la pili nilikuta sisimizi wameingia kupitia mkunjo wa kitambaa wamehamia kunywa utamu.

La tatu limekubali. Niliweka jike mmoja wa kijani cheusi. Siku ya pili watoto wanne. Baada ya siku nane wale watoto wakaanza kuzaa na wao, jani likajaa, nikaongeza la pembeni likajaa nalo. Chupa ilikuwa karibu na dirisha, joto la kutosha. Leo asubuhi nimefungua nikatafuta wa kijani cheusi nikamkuta yule bibi na wengine wachache. Waliobaki wote ni wa njano. Wadogo, wamepauka, mabomba ya rangi ya moshi, na wanazaa!

Kwa hiyo wale wa njano ni wajukuu wa wale weusi?!

LenziKuukuu

Ndo hao. Kidukari wa pamba akibanana na joto likapanda anazaa vibeti vya njano, wadogo mno, wengine papasio zao zina viungo vitano badala ya sita, ndo maana wanafanana na tunutu na ndo maana wamewahangaisha watu wengi. Spishi hii imebatizwa majina mengi tangu Glover aiandike 1877, na sababu moja ni hiyo hiyo iliyokuchanganya wewe, kila mmea na kila msimu anavaa nguo nyingine.

Na sabuni yako haikuwaacha kwa sababu wana roho ngumu. Sabuni inaua iliyemgusa tu, na vibeti wamejaa chini ya majani ya chini ambako mkono wako haukufika. Geuza majani.

Kwenye daftari andika spishi mbili. Tarehe, mpilipili hoho, chini ya majani yaliyokomaa: Aphis gossypii, wa kijani cheusi na vibeti vya njano. Kichipukizi: Myzus persicae, kijani na waridi. Hao wa waridi weka chupa moja na wenzao wa kijani, uso wao ni ule ule.

Kobe_Mwendo

Wakuu msinicheke, nimeazima lenzi. Nimewakuta kwenye mchungwa, majani machanga yamejikunja, wa kijani cha limau, mabomba meusi, na kimkia nakiona cheusi vile vile kama mabomba. Huyu namwitaje?

LenziKuukuu

Kwani ukimwita ataitika? 😂 Inanukia spiraecola hiyo. Una uhakika ni mtu mzima? Kama ndiyo azima na hadubini, hesabu nywele za kimkia.